Kulinganisha ajali na vifo kazini kati ya nchi za Ulaya: mwongozo kwa anayeanza

Swali hurudi kila baada ya muda kwa maneno yaleyale: nchi gani ya Ulaya ina ajali nyingi zaidi kazini? Anayeuliza ni mwanafunzi mwenye tasnifu ya usalama na afya kazini, au mwandishi wa habari aliyepewa hadi jioni, au, tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, kijana mwenye mkataba mkononi anayetaka kujua anakwenda kufanya kazi katika mazingira gani. Wengi huwa wameshafungua jedwali na kupanga nchi kuanzia ya juu hadi ya chini. Wamekuta Ufaransa iko juu kwa majeruhi, na Romania na Bulgaria ziko mkiani kabisa. Ndipo wanapouliza kama kweli saiti ya ujenzi ya Bucharest ni salama kuliko ya Paris.

Hapana. Jedwali la majeruhi kwa sehemu kubwa linaonyesha jinsi watu wanavyotoa taarifa, si jinsi wanavyoumia. Maiti haifichiki, lakini kidole kilichovunjika hufichika kirahisi, hasa pale ambapo aliyeumia hapati chochote kwa kuripoti. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na vifo na kuacha majeruhi hadi karibu na mwisho. Ukibadilisha mpangilio huo utapata jibu la haraka lililo kinyume na hali halisi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets. Kwa simu utasoma majedwali, lakini kuyachuja na kuyaunganisha kutakuchosha bure.
- Majedwali matatu ya Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya. Yatafute kwa alama zake: hsw_n2_02 (ajali zilizoua, kwa sekta), hsw_n2_01 (ajali zisizoua, kwa sekta na jinsia) na lfsa_egan2 (idadi ya watu walio kazini, kwa sekta). Ni ya bure na hayahitaji kujisajili.
- Ukurasa mmoja wa kumbukumbu ambamo utaandika tarehe uliyopakua kila faili na vichujio ulivyoweka. Eurostat hurekebisha takwimu za nyuma, na baada ya miezi mitatu hutakumbuka ulibonyeza nini.
- Mchana mmoja usio na haraka.

Kuna pia sdg_08_60, jedwali dogo la vifo kazini lililotengenezwa kwa ajili ya malengo ya maendeleo endelevu. Linafaa kwa kuangalia haraka. Kwa kazi ya kina halitoshi.

Fasili za lazima

Takwimu za Eurostat za ajali kazini zinakusanywa chini ya mfumo unaoitwa ESAW, na kanuni zake ziko katika Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 349 ya mwaka 2011. Ajali iliyoua ni ile ambayo aliyeumia alifariki ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ajali. Ajali isiyoua huhesabiwa tu ikiwa aliyeumia alikosa kazi kwa siku nne kamili au zaidi. Aliyeshonwa nyuzi tatu akarudi kazini keshokutwa hayumo.

Ajali za njiani, yaani kati ya nyumbani na kazini, haziingii. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo hayaingii. Lakini dereva wa lori aliyegongwa akiwa kazini anaingia. Shika sana hilo la dereva, tutalirudia.

Kiwango ni hesabu ya shule ya msingi: vifo, gawanya kwa idadi ya watu walio kazini, zidisha kwa 100,000.

Hatua kwa hatua

1. Andika swali lako kwa sentensi moja, ukitaja nchi, miaka na sekta.

"Ulaya" ni ipi? Umoja wa Ulaya una nchi 27, na Uswisi, Norway na Iceland hazimo ingawa mara nyingi zimo kwenye majedwali. Uingereza ilijitoa tarehe 31 Januari 2020, na katika majedwali haya takwimu zake zinaishia 2018. Ukiona jumla ya EU-28 katika ripoti ya zamani na EU-27 katika mpya, usiziweke kwenye mstari mmoja wa grafu. Nchi moja kubwa yenye vifo vichache imetoka, na wastani umesogea bila mtu yeyote kuumia au kupona.

Mfano wa swali zuri: "Kati ya 2018 na 2022, je, kufanya kazi ya ujenzi Ujerumani kulikuwa na hatari ndogo ya kifo kuliko Italia, Ufaransa na Poland?" Swali la aina hiyo lina jibu. "Nchi gani ni hatari?" halina.

2. Pakua jedwali la vifo.

Fungua hsw_n2_02. Kwenye vichujio chagua nchi zako, miaka yako, na vipimo vyote viwili: idadi kamili ya vifo na kiwango kwa watu 100,000. Kwa sekta, chukua jumla ya shughuli zote, kisha herufi unazohitaji za NACE, mfumo wa Ulaya wa kupanga shughuli za uchumi: A ni kilimo, misitu na uvuvi, C ni viwanda, F ni ujenzi, H ni usafirishaji na uhifadhi. Sekta hizo nne kwa pamoja hubeba karibu theluthi mbili ya vifo vyote kazini katika Umoja wa Ulaya, na ujenzi peke yake zaidi ya moja ya tano.

Onyo: usipakue kiwango peke yake. Bila idadi kamili hutajua kama 3.5 imetokana na vifo 9 au 900.

3. Soma alama zilizo pembeni ya namba kabla ya kugusa namba zenyewe.

Nukta mbili (:) maana yake takwimu haipo. Haimaanishi sifuri. Herufi b ni kwamba njia ya kukusanya imebadilika mwaka huo, hivyo mwaka huo na uliotangulia havilinganishwi moja kwa moja. p ni ya muda, e ni makadirio, c ni siri, na d ni kwamba fasili ya nchi hiyo inatofautiana na ya wengine. Wanaoanza hufuta alama hizi ili jedwali lipendeze. Ziweke kwenye safu yake pembeni, maana mara nyingi maelezo ya kupanda kwa ghafla yamo mle.

4. Thibitisha kipimo kwa kurudisha hesabu nyuma.

Mwaka 2022 nchi 27 za Umoja zilisajili vifo 3,286 kazini, sawa na vifo 1.66 kwa kila watu 100,000 walio kazini. Gawanya 3,286 kwa 1.66, zidisha kwa 100,000: unapata karibu watu milioni 198. Hiyo inakaribiana na idadi halisi ya watu walio kazini katika Umoja, kwa hiyo umeelewa jedwali vizuri. Fanya hivyo kwa kila nchi yako. Ikitoka namba ya ajabu, kosa ni lako au kuna alama hukuisoma.

Hapa ndipo wengi hunaswa na lfsa_egan2, kwa sababu jedwali lile linahesabu watu kwa maelfu. Ukisahau, Ujerumani inakuwa na wafanyakazi elfu arobaini na vifo vyao vinatisha.

Zingatia pia nani yumo kwenye kigawanyo. Waliojiajiri wanaingia kikamilifu katika nchi fulani na kwa nusu katika nyingine, na katika kilimo, ambako mwenye shamba ndiye huyohuyo anayeendesha trekta, jambo hilo si dogo. Halafu kuna saa za kazi: Uholanzi inaongoza Umoja wa Ulaya kwa kazi za muda mfupi, kiasi cha watu wanne kati ya kumi. Mtu anayefanya kazi siku tatu kwa wiki yuko hatarini kwa siku tatu, lakini kwenye kigawanyo ni mtu mzima. Uholanzi huonekana chini sana kwa vifo, na sehemu ya uchini huo inatoka hapa. Si yote.

5. Unganisha miaka, hasa kwa nchi ndogo.

Malta, Cyprus, Luxembourg, Estonia, Iceland: hizi zina vifo vichache kwa mwaka, mara nyingine chini ya kumi. Nchi yenye watu 250,000 kazini ikipata vifo 5, kiwango chake ni 2.0. Mwaka unaofuata jukwaa moja la ujenzi likiporomoka na kuua wanne zaidi, kiwango kinapanda hadi 3.6, na magazeti yanaandika kwamba usalama umeporomoka. Ndiyo maana Malta miaka mingine hujikuta kileleni mwa Umoja na miaka mingine hushuka.

Dawa yake: jumlisha vifo vya miaka mitano, jumlisha watu walio kazini wa miaka hiyohiyo mitano, kisha ndipo ugawanye. Usichukue viwango vitano na kutafuta wastani wake. Kwa nchi kubwa miaka mitatu inatosha.

Jumla ya miaka haiondoi tukio moja kubwa. Mgodi wa makaa wa Soma, Uturuki, uliua watu 301 mwezi Mei 2014, na hakuna wastani wa miaka mitano unaoweza kumeza hilo kimyakimya. Ukiwa na tukio kama hilo, toa kiwango mara mbili, likiwemo na lisipokuwemo, na mwambie msomaji.

6. Sawazisha muundo wa uchumi.

Nchi yenye mabenki na bima itakuwa na vifo vichache kuliko nchi yenye misitu, malori na mashamba, hata kama wakata miti wa nchi zote mbili wanalindwa sawasawa. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni rahisi, na mimi naipenda zaidi: linganisha sekta moja kwa moja. Ujenzi kwa ujenzi, usafirishaji kwa usafirishaji.

Ya pili ni kiwango kilichosawazishwa, ambapo kila sekta inapewa uzito uleule iliyo nao katika Umoja wote. Fanya zoezi hili kwa mkono mara moja ili uone linavyofanya kazi. Chukua nchi mbili za kubuni, kila moja na watu 2,000,000 kazini. Nchi ya kwanza ina wajenzi 300,000 na vifo 18 katika ujenzi, na watu 1,700,000 kwingineko wenye vifo 17. Nchi ya pili ina wajenzi 100,000 na vifo 8, na watu 1,900,000 kwingineko wenye vifo 19. Viwango vya jumla ni 1.75 na 1.35, kwa hiyo ya pili inaonekana salama zaidi. Sasa toa kwa sekta: ujenzi ni 6.0 dhidi ya 8.0, kwingineko ni 1.0 dhidi ya 1.0. Ukiipa sekta ya ujenzi uzito wa asilimia 10 katika nchi zote mbili, ya kwanza inapata 1.5 na ya pili 1.7. Mpangilio umegeuka juu chini, na hakuna namba hata moja iliyopikwa.

Onyo: baadhi ya viwango vilivyosawazishwa unavyokuta vimechapishwa tayari vimeondoa ajali za barabarani, kwa kuwa si nchi zote zinaziripoti. Kiwango kilichoondoa barabara hakilinganishwi na kile kisichoondoa. Soma maelezo ya chini ya jedwali.

7. Chunguza sheria ya kila nchi kabla ya kuihukumu.

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye uzito kuliko zote. ESAW ina fasili moja, lakini takwimu zinatoka katika mifumo ya kitaifa, na kila mfumo uliundwa kwa kazi yake. Wengine waliuunda ili kulipa fidia, wengine ili kumpa mkaguzi wa kazi mahali pa kuanzia.

Ufaransa. Sheria ya huko inachukulia kwamba mtu aliyefariki mahali pa kazi na wakati wa kazi amepata ajali ya kazi, hadi ithibitishwe vinginevyo. Mhasibu aliyepatwa na mshtuko wa moyo mezani kwake anaingia kwenye hesabu. Mfuko wa bima ya afya wa huko, CNAM, ulihesabu vifo 759 vya ajali za kazi mwaka 2023 kwa wafanyakazi wa mfumo wa jumla, ambao wengi wao ni wa sekta binafsi. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikuwa vya watu walioanguka ghafla kwa namna hiyo. Ujerumani, kinyume chake, vyama vya bima ya ajali kwa kawaida vinataka ionekane kwamba kazi ndiyo iliyosababisha. ESAW nayo inasema vifo vya ugonjwa wa asili visivyo na uhusiano na kazi vitolewe, lakini pale sheria ya nchi inapodhani uhusiano upo, vingi vinabaki. Kwa hiyo ukiweka Ufaransa na Ujerumani kwenye grafu moja bila maelezo, unalinganisha mahakama zao pamoja na majukwaa yao ya ujenzi. Haimaanishi Ufaransa iko salama na inasingiziwa. Ina maana tofauti halisi ni ndogo kuliko inayoonekana.

Italia. Taasisi ya bima INAIL hutoa idadi ya madai yaliyopokelewa kila mwezi, na magazeti huyachukua yakiwa mabichi. Mwaka 2023 madai ya vifo yalikuwa 1,041. Ndiyo ile habari ya "karibu watu watatu kwa siku". Ndani yake 799 ni vya watu waliokuwa kazini na 242 ni vya njiani, ambavyo ESAW haivihesabu. Tena hayo ni madai, si kesi zilizokwisha kukubaliwa. Kwa upande mwingine INAIL haibimi kila anayefanya kazi, hivyo wapo ambao hawaonekani kabisa. Kwa miaka ya 2020 na 2021 ongeza tahadhari: sheria ya dharura ya Machi 2020 iliwezesha maambukizi ya korona yaliyopatikana kazini kuhesabiwa kama ajali ya kazi, jambo ambalo nchi nyingi hazikulifanya kwa kiwango hicho. Kama unaangalia sekta ya afya, miaka hiyo iweke kando.

Uingereza. Taasisi ya usalama kazini ya huko, HSE, ilitangaza wafanyakazi 138 waliofariki katika mwaka wa 2023/24, kiwango cha 0.42. Kila mtu hukimbilia kuweka 0.42 kando ya 1.66 ya Umoja wa Ulaya na kusema Uingereza ni salama mara nne. Usifanye hivyo. Mfumo wa Uingereza kwa kawaida hauhesabu ajali za magari kwenye barabara za umma, wala za safari za anga na bahari, na mwaka wake unaanza Aprili hadi Machi. Yule dereva wa lori wa mwanzo hayumo. Hata ukirekebisha yote hayo, Uingereza ilibaki miongoni mwa nchi zenye viwango vya chini kabisa hadi takwimu zake zilipokoma Eurostat, ila pengo si mara nne.

Kwa nchi nyingine fuata maswali hayohayo: nani anaripoti, kwa nani, anapata nini akiripoti, barabara zimo au hazimo, waliojiajiri wamo au hawamo. Majibu yamo kwenye maelezo ya mbinu yanayoambatana na kila jedwali la Eurostat. Yanachosha kusoma. Soma tu sehemu ya nchi zako.

8. Sasa, na si kabla, fungua majeruhi.

Pakua hsw_n2_01 kwa nchi na miaka ileile. Mwaka 2022 Umoja ulisajili ajali zisizoua karibu milioni 2.97. Gawanya kwa vifo 3,286: unapata takriban ajali 900 zilizosajiliwa kwa kila kifo kimoja. Fanya mgawanyo huo kwa kila nchi, uuweke kwenye safu mpya, na safu hiyo itakuwa kipimo chako cha uaminifu.

Ufaransa, Hispania na Ureno husajili majeruhi wengi, mara nyingi zaidi ya 2,000 kwa kila watu 100,000. Hizo ni nchi ambazo aliyeumia analipwa na bima tu kama ajali imeripotiwa. Ufaransa mwajiri ana saa 48 za kutoa taarifa. Mfanyakazi ana sababu ya kudai karatasi yake. Romania na Bulgaria husajili chini ya 100 kwa 100,000, na hapohapo viwango vyao vya vifo viko juu ya wastani wa Umoja. Ukigawanya, unapata majeruhi chini ya 50 kwa kila kifo. Ili kuamini hilo, itabidi uamini kwamba katika nchi hizo mtu akianguka kutoka juu ama anakufa ama anajipukuta vumbi na kuendelea na kazi. Eurostat yenyewe husema wazi kwamba viwango vya chini namna hiyo vinaashiria ajali zisizoripotiwa.

Kundi la kati ni gumu zaidi, maana halipigi kelele. Katika nchi ambazo kuripoti ni wajibu wa kisheria tu, bila fidia kufungamana nao, maelezo ya ESAW yamewahi kukadiria kwamba ajali zinazoripotiwa ni kati ya asilimia 30 na 50. Nchi nyingine hurekebisha kwa kutumia sampuli za kaya, nyingine hazirekebishi. Uingereza tangu Aprili 2012 inamtaka mwajiri aripoti jeraha linalomtoa mtu kazini zaidi ya siku saba, si tatu kama zamani, kwa hiyo hata rejista yake yenyewe haifanani kabla na baada ya tarehe hiyo.

Kanuni ninayotumia: kama uwiano wa majeruhi kwa kifo wa nchi uko chini sana ya ule wa Umoja, sitoi kabisa kiwango chake cha majeruhi. Natoa vifo tu. Ukilazimika kuwa na picha ya majeruhi, tafuta moduli maalumu za utafiti wa nguvukazi za 2007, 2013 na 2020, ambazo ziliwauliza watu wenyewe majumbani kama waliumia kazini. Zina kasoro zake, lakini mwajiri hakushika kalamu.

9. Andika matokeo kwa makundi.

Tofauti ya 1.4 na 1.6 haina maana, na anayekupangia nchi ya 11 na ya 12 anakupotezea muda. Weka makundi matatu au manne. Kwa miaka mingi Uholanzi, Ujerumani, Sweden na Finland zimekuwa karibu na kifo 1 kwa 100,000 au chini yake, na Latvia na Lithuania mara nyingi juu sana ya wastani wa Umoja. Tofauti ya ukubwa huo hustahimili marekebisho yote ya juu. Chini ya jedwali lako taja jambo hili kwa sentensi moja: magonjwa hayamo. Uingereza peke yake hupoteza zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka kwa mesothelioma, saratani inayotokana hasa na asbesto waliyoivuta miongo kadhaa iliyopita, wengi wao wakiwa kazini. Hakuna hata mmoja wao aliyemo kwenye wale 138.

Makosa yanayojirudia

Kuchanganya vipimo ndilo la kwanza. Vyama vya bima vya Ujerumani hutoa viwango kwa wafanyakazi 1,000 wa muda kamili, Ufaransa ina kimoja kwa wafanyakazi 1,000 na kingine kwa saa milioni moja za kazi. Hicho cha kwanza cha Ufaransa ukikizidisha kwa 100 kinafika kwenye 100,000. Cha Ujerumani pia, ila kigawanyo chake ni wa muda kamili na si vichwa vya watu. Cha saa hakigeuziki bila kujua saa za kazi.

La pili ni kutumia idadi kamili. Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania zitakuwa juu daima kwa sababu zina watu wengi. La tatu ni kulinganisha mwaka mpya wa taarifa ya kitaifa na mwaka wa zamani wa Eurostat. Takwimu za Eurostat huchelewa karibu miaka miwili, na hakuna njia ya mkato.

Mambo yakikwama

*Ugiriki haipo kwenye faili langu.* Ipo. Eurostat hutumia EL kwa Ugiriki, si GR, na UK kwa Uingereza, si GB. Kama unaunganisha faili mbili kwa alama ya nchi, zitakuponyoka hizo mbili.

*Excel imegeuza 3.5 kuwa tarehe, au inakataa kujumlisha.* Mpangilio wa lugha wa kompyuta yako unatumia mkato badala ya nukta kwa desimali. Badilisha mpangilio kwanza kisha fungua faili upya kwa kuiingiza kama data. Kurekebisha seli mojamoja kutakuachia makosa usiyoyaona.

*Nchi ina sifuri katika sekta fulani.* Angalia idadi ya watu walio kazini kwenye sekta hiyo. Sifuri ya uchimbaji madini katika nchi isiyo na migodi si habari. Sifuri ya ujenzi katika nchi kubwa ni kosa la kichujio.

*Jumla ya nchi zangu haifanani na jumla ya Umoja.* Umeingiza Norway, Uswisi au Iceland bila kujua, au faili zako mbili zilipakuliwa siku tofauti na mojawapo imerekebishwa katikati. Zipakue zote upya siku moja.

*Majeruhi wameshuka sana mwaka 2020.* Ni kweli, na sababu kubwa ni korona: watu wengi hawakuwa kazini. Usianzie wala kuishia mwelekeo wako mwaka huo.

*Msimamizi wangu anataka niongeze Tanzania au Kenya kwenye grafu.* Tumia ILOSTAT, hifadhi ya takwimu ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), kiashiria 8.8.1 cha malengo ya maendeleo endelevu, si Eurostat, na pitia hatua ya 7 na ya 8 kwa ukali zaidi. Fundi anayelipwa kwa siku asiye na mkataba ni mgumu kumwona kwenye rejista ya fidia. Kama uwiano wa majeruhi kwa kifo ukitoka kama wa Romania, mwonyeshe msimamizi safu hiyo kabla hajaiona grafu.